Jaribio la Mwisho kwenye Foleni

Jumatatu, 3 Novemba

Daftari hili nimelinunua leo asubuhi sokoni hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu. Bosi wetu, Mama Sainimere, amesema msimu huu wa vimbunga kila mtu aandike anachofanya siku kwa siku, ili kikiharibika kitu tujue kiliharibikia wapi. Wenzangu wanaandika kwenye kompyuta. Mimi nimechagua karatasi, kwa sababu kompyuta za ofisi hii mwenzangu Eparama anazichungulia zote.

Kwa atakayeliokota: jina langu Inoke, miaka ishirini, mzaliwa wa kisiwa cha Yavutoka huko visiwa vya Lau, mashariki. Shule niliachana nayo kidato cha tano, kwa ridhaa ya pande zote mbili. Uandishi wa programu nilijifunza kwenye kibanda cha mafundi simu, na sasa nakaa meza moja na watu wenye shahada. Shahada zao ziko ukutani. Yangu iko kichwani, haipati vumbi.

Tunatengeneza Davui. Davui ni lile kombe kubwa la baharini ambalo wazee walilipuliza kuita watu. Ya kwetu ni programu: inasoma kimbunga kiko wapi, inapima umbali hadi kila mnara wa visiwani, na kikisogea karibu inauamrisha mnara upige king'ora na kuwaambia watu wakimbilie mahali salama. Bubu, bibi yangu aliyenilea, bado anaishi Yavutoka. Hakuna mnara kule. Mwaka huu utajengwa, na mimi ndiye nitakayeuamrisha. Aliyeniita mvivu darasani na asikie hilo.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Eparama kala muhogo wangu. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo sina ruhusa ya kukasirika. Nimemwekea chumvi kwenye chai.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimeona upumbavu kwa macho yangu na nimeutolea suluhisho siku hiyo hiyo.

Mambo yako hivi. Mtu akibadilisha hata neno moja ndani ya Davui, kuna mashine inayofanya majaribio yote kuona kama kuna kilichovunjika. Majaribio yapo 1,911. Yanakwenda moja baada ya jingine, maana yanagombea kisanduku kimoja cha king'ora kilichofungwa pale mezani. Yanachukua saa nne kasoro dakika kumi. Mashine tumeibatiza Lovo, kama lile shimo la kuokea: ukishafukia chakula unakaa, hujui kimeiva au kimeungua mpaka ufukue.

Eparama alibadilisha kitu saa mbili asubuhi. Saa sita kasoro taa ya Lovo ikawaka nyekundu. Kosa? Alama ya mkato imesahaulika. Akairudisha, Lovo ikaanza upya, taa ikawa kijani saa kumi jioni. Siku nzima imekwenda kwa alama ya mkato.

"Kimbunga kikija na sisi tuko hivi," akasema Mama Sainimere, "tutawatumia watu salamu za rambirambi, si king'ora."

Mimi nikauliza, "Hivi majaribio yanaanzia lipi?"

"La kwanza," akajibu Eparama.

"Kwa nini hilo ndilo la kwanza?"

"Kwa sababu jina lake linaanzia na A, mtani. Herufi ulifundishwa kabla hujatoroka shule?"

Kumbe yamepangwa kwa herufi! Kama watoto wanaosubiri kuchomwa sindano! Nikawaambia: anza na yale yanayohusika na kilichobadilishwa. Umegusa king'ora, yatangulie ya king'ora. Kama kuna uozo utaunusa mapema.

Mama Sainimere akaniinulia vidole viwili. "Nakupa wiki mbili," akasema.

Jumanne, 25 Novemba

Imekubali! Nimeiita Foleni. Ina sheria tatu tu. Jaribio linalopita kwenye sehemu ya programu iliyobadilishwa, linakwenda mbele. Lililofeli siku za karibuni, linafuata. Na kati ya fupi na refu, fupi litangulie.

Leo Eparama kagusa mahesabu ya upepo. Dakika ya sita, nyekundu.

"Mtani," nikamwambia, "zamani ungeaibika jioni. Sasa unaaibika kabla ya chai. Hayo ndiyo maendeleo."

Akanirushia ndala. Mama Sainimere alicheka mpaka akavua miwani. Majaribio sitini ya mwanzo yanakwisha kwa dakika tisa. Dakika tisa! Mimi wa kidato cha tano.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Foleni imenasa mawili, yote ya Eparama.

Jumanne, 9 Desemba

Shangazi Urmila hajafurahi. Huyu ndiye msimamizi wa majaribio. Ana miaka hamsini na tisa, Jumanne hali nyama, na lile fumbo la maneno la gazetini analijaza kwa kalamu ya wino, hafuti. Nimempachika jina la Shangazi Subiri, kwa sababu neno hilo analitumia kuliko jina la mumewe. Taa haijawaka kijani ya mwisho, subiri. Sitini yamepita, subiri, bado 1,851.

Leo kaja mezani kwangu na kikombe chake.

"Mwanangu, la mwisho ni lipi?"

"La mwisho la nini, Shangazi?"

"Kwenye foleni yako. Anayesimama nyuma kabisa ni nani?"

"Shangazi, kwenye mbio nani anamkumbuka aliyefika wa mwisho?"

Eparama akapiga meza kwa kucheka. Shangazi hakucheka. "Umeyapanga," akasema, "hujayapunguza. Hayo ni mambo mawili. Lisome la mwisho, halafu uniambie."

"Nitalisoma."

Sijalisoma. Nina kazi.

Ijumaa, 19 Desemba

Bubu kapiga simu. Mafundi wamefika Yavutoka, mnara wanausimamisha nyuma ya kanisa, ameshawapikia mara nne na bado hawajui kusema asante. Nikamwambia habari kubwa: maneno ya king'ora kwa lugha ya kwetu nimeyarekodi mimi. Kimbunga kikija, sauti itakayotoka juu ya mnara ni yangu.

"Utasema nini?" akauliza.

"Nitasema mkimbilie kanisani."

"Mimi nimekuwa nikikimbilia kanisani tangu kabla mama yako hajazaliwa," akasema, na akakata.

Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka maji. Haoni vizuri, redio yake imekufa, na simu za kule hukatika upepo ukikohoa. Huo mnara ndio pekee utakaomfikia. Sikumwambia hivyo, lakini nimeandika hapa.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimekula hadi nikalala kwenye mkeka wa watu.

Jumatano, 14 Januari

Kimbunga cha kwanza, kule magharibi, Yasawa. Saa tatu asubuhi Mama Sainimere kagundua minara miwili inarudia ujumbe bila kukoma. Nikarekebisha mimi. Foleni, dakika tisa, sitini kijani.

"Tupeleke kwenye minara?" akauliza.

"Subiri," akasema Shangazi Urmila.

"Peleka," nikasema mimi.

Bosi akapeleka. Minara ikatulia. Saa nne baadaye majaribio yote yaliyobaki yakawa kijani pia, yaani tungesubiri bure. Nilizunguka ofisini mara tatu nikipokea pongezi, ya tatu niliomba mwenyewe. Kwenye bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, jioni walinipa kifuu cha kwanza baada ya Bosi. Shangazi Urmila alibaki peke yake mbele ya Lovo mpaka la 1,911 likapita, ndipo akachukua mwavuli wake.

Kuanzia leo sheria ya ofisi: sitini yakipita, peleka. Yaliyobaki tunayaita mkia.

Jumanne, 20 Januari

Mvua. Hakuna nyekundu.

Ijumaa, 23 Januari

Mvua. Eparama kaiba ndala zangu, kaziacha zake zenye tundu.

Jumatano, 28 Januari

Mabadiliko yamekuwa mengi, foleni inajaa. Nimeiamuru Lovo: likija badiliko jipya, achana na mkia, anza upya mbele. Kazi imekuwa tamu. Mkia haujafika mwisho tangu Alhamisi iliyopita na sijaona aliyekufa.

Jana Shangazi Urmila kaandika kwenye karatasi, kabandika ukutani kwa gundi: SIKU TANO BILA LA MWISHO. Leo kafuta tano kaandika sita. Kwa wino, bila shaka. Eparama kamchorea kobe pembeni. Nimecheka, lakini nimeona pia kwamba kobe hakumbandua.

Jumatatu, 9 Februari

Karatasi ya ukutani inasema SIKU KUMI NA NANE.

Kimbunga kimezaliwa, wamekiita Tika. Asubuhi kilikuwa duara tu kwenye ramani, jioni kina jicho. Kinaelekea Lau. Minara mitano mipya ya Lau imekamilika, wa Yavutoka ukiwemo, ila haijaingizwa kwenye orodha ya Davui. Mnara usiokuwa kwenye orodha ni mti wa chuma tu. Mafundi wamelala njiani, namba za mahali minara ilipo zitafika kesho alfajiri.

Nimempigia Bubu. Simu za kisiwa zimekatika.

Jumanne, 10 Februari

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata yanayonidhalilisha.

Saa moja asubuhi tulikuwa sote ofisini. Minara yetu inaongea kwa setilaiti, kwa hiyo hata simu zikifa inasikia. Davui hupiga king'ora kimbunga kikiwa kilomita mia tatu. Hesabu ya Mama Sainimere ilikuwa kwamba Tika atafika umbali huo kwa Yavutoka saa nne kasoro, na atakipiga kisiwa chenyewe alasiri. Watu wangepata saa sita za kupanda kanisani.

Saa mbili na dakika kumi Eparama akaingiza minara mitano kwenye orodha. Hakugusa programu, orodha tu: jina la mnara, na namba mbili za mahali ulipo. Lovo ikaanza. Dakika tisa, sitini kijani. Mama Sainimere akabonyeza. Imekwenda.

"Mkia usiguswe," akasema Shangazi Urmila. Akavuta kiti akakaa mbele ya Lovo kama mlinzi wa benki, fumbo lake mapajani. Hakuna aliyembishia. Hakuna aliyemsikiliza pia.

Saa nne kasoro robo mnara wa zamani wa kusini ukaanza kupiga. Kwenye skrini, doa jekundu. Tukapiga makofi. Saa nne kamili ukafuata mwingine. Yavutoka doa lake lilikuwa la kijivu, limeandikwa: tulivu.

"Kwenu ni mbali zaidi, mtani," akasema Eparama.

Saa nne na robo. Tulivu.

Saa nne na dakika ishirini. Tulivu.

Nikachukua rula nikaenda kwenye ramani ya ukutani. Nikapima kutoka jicho la Tika hadi mnara unaolia. Nikapima hadi Yavutoka. Nikapima tena. Yavutoka ilikuwa karibu zaidi.

"Eparama," nikasema. Sikumwita mtani. Aliinuka papo hapo. Akapima yeye, akakaa chini bila kutafuta kiti, akakaa juu ya boksi la karatasi.

Minara yote mitano mipya ilikuwa kimya na Davui inaona ni sawa tu. Hakuna taa nyekundu popote. Mama Sainimere akapigia simu ofisi ya maafa ili wao wapige king'ora kwa mkono. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Lovo wakati huo ilikuwa jaribio la mia tisa na kitu. Yamebaki elfu moja, karibu saa moja na nusu. Na mimi fundi wa Foleni, mimi mwenye shahada kichwani, sikujua kati ya hayo elfu moja ni lipi lingeniambia kosa liko wapi.

Nikaenda kwenye kile kiti.

"Shangazi," nikasema, "la mwisho ni lipi?"

Alifunga kalamu kwanza. "Linaitwa Ng'ambo."

Nikalifungua. Karibu miezi mitatu lilikuwa pale, nalisukuma nyuma kila siku, na sijawahi kulisoma. Halikuwa refu kwa maneno. Linachukua mnara mmoja mmoja kwenye orodha, linatengeneza kimbunga cha uongo upande wa magharibi wake, linasikiliza kama kisanduku cha mezani kinalia. Halafu linakivusha upande wa mashariki, linasikiliza tena. Ndiyo maana ni refu kwa dakika: kumi na moja. Halikuwahi kufeli miaka saba. Halisomi programu, linasoma orodha. Sheria zangu tatu zote zilikuwa zimelihukumu: si la sehemu iliyobadilishwa, si miongoni mwa yaliyofeli, si fupi. Nyuma kabisa.

"Kwa nini uliliandika?" nikauliza.

"Kwa sababu ya mstari," akasema. "Ule mstari wa ramani wa digrii mia na themanini umepita katikati ya visiwa vyetu. Wenzetu wengi duniani hauwahusu, kwao umepita baharini tupu. Miaka minane iliyopita niliingiza mnara mmoja wa ng'ambo ya mstari kwa namba isiyo sahihi. Mkono wangu huu. Kimbunga kilipita juu yake na haukulia." Akaweka fumbo chini. "Usiniulize zaidi. Unasubiri nini? Lisogeze mbele."

"Nikilisogeza, mkia unakatika. Umekaa nao tangu asubuhi."

"Mwanangu, nani alikwambia sipendi foleni? Nilikuambia usome. Sogeza!"

Nikakata. Nikaliweka Ng'ambo la kwanza. Saa tano kasoro dakika ishirini na mbili likaanza.

Kisanduku kinapolia, ofisi nzima inaziba masikio. Mnara wa kwanza, kikalia. Wa pili, kikalia. Kila ukimalizika unatoka ujumbe wa kisiwa hicho. Tulisimama wanne tukihesabu. Minara thelathini na minane ya zamani, kelele tupu, na mimi namwomba Mungu azidishe kelele. Halafu ikaja mipya. Kimbunga upande wa magharibi wa mnara wa kwanza mpya: kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Unasikia feni. Wa pili, kimya. Wa tatu. Wa nne. Yavutoka, kimya. Taa nyekundu.

Lakini safari hii chini ya taa kulikuwa na maneno: umbali, kilomita elfu thelathini na saba.

"Elfu thelathini na saba?" akasema Mama Sainimere. "Hiyo ni kuzunguka dunia nzima!"

Ndipo Eparama akashika kichwa. Vifaa vya mafundi, ukishavuka mstari, vinaanza kuhesabu kurudi nyuma na alama ya kutoa: kutoa 179, kutoa 178. Sisi kwenye Davui tunaendelea mbele tu: 181, 182. Alinakili kama zilivyokuja. Davui ilikuwa inatazama Yavutoka kwa kuuzunguka ulimwengu kwa mgongo, wakati kimbunga kipo mlangoni.

Namba tano. Nilizibadilisha mimi, Shangazi Urmila akinisomea kwa sauti, moja moja, kama mwalimu wa imla. Saa tano kamili Ng'ambo likaanza tena. Dakika kumi na moja nyingine. Nilitaka kubonyeza bila kungoja. Nilishasogeza kidole.

"Subiri," akasema. Na mimi, ndiyo, nilisubiri.

Mnara wa thelathini na nane. Wa thelathini na tisa, kikalia! Pande zote mbili! Wa mwisho kabisa Yavutoka: kikalia, na baada ya king'ora sauti yangu mwenyewe ikajaa ofisini, ikitukaripia kwa Kilau tukimbilie kanisani. Eparama alikuwa analia waziwazi, na sikumtania.

"Na yaliyobaki?" akauliza Mama Sainimere. Alikuwa anamtazama Shangazi, si mimi.

"Yaliyobaki yaendelee, nitakaa nayo. Hii nenda nayo."

Saa tano na dakika kumi na mbili akabonyeza. Davui ikapima upya papo hapo na kuamrisha minara mitano. Minara hujibu neno moja: nimepokea. Wa kwanza ukajibu. Wa tatu ukajibu. Wa pili. Wa nne.

Yavutoka haukujibu.

Tukatuma tena. Haukujibu. Tukatuma kila dakika tano mpaka saa nane mchana, ndipo skrini ikaandika kwamba mnara haupatikani.

Tumempa Bubu saa moja na nusu pungufu ya alizostahili. Hiyo ni kama alisikia.

Jumatano, 11 Februari

Hakuna habari.

Alhamisi, 12 Februari

Hakuna habari. Eparama kaniletea muhogo, mzima, haujaumwa. Ndivyo nilivyojua na yeye anaogopa.

Ijumaa, 13 Februari

Saa nne asubuhi. Boti ya doria imefika Yavutoka, muuguzi wake ana simu ya setilaiti. Mama Sainimere akaniita kwa kidole tu, nikaenda mezani kwake nikapokea simu.

"Wewe Inoke!" Bubu hupiga kelele kwenye simu, anadhani umbali unasikia vibaya. "Nani kakufundisha adabu mbovu?"

"Bubu! Uko mzima?"

"Nakuuliza swali! Umekaa juu ya mnara, juu ya vichwa vya wazee wote wa kisiwa, unatupigia kelele 'nendeni kanisani', hata tulou ya kuomba radhi husemi? Mzee wa kanisa kaniuliza, huyu si mjukuu wako? Nikatamani ardhi inimeze!"

"Bubu, mlikwenda?"

"Tulikwenda, ungetuacha? Ulirudia mpaka masikio yakauma. Tumekaa kanisani sote, mia na kumi na tatu, kuku sikuwahesabu. Nyumba yangu imeondoka. Yote. Hata ngazi."

Muuguzi alichukua simu akasema mnara uliusikia ujumbe wetu, ila antena ya kujibu ilikuwa imeshapinda. Sikumbuki kingine. Nimekaa chini ya meza yangu kwa muda, natafuta kalamu iliyoanguka. Haikuwa imeanguka.

Jumanne, 17 Februari

Nimefanya inavyotakiwa. Nimenunua fungu la mizizi ya yaqona, nimekaa chini mkekani mbele ya Shangazi Urmila kuomba msamaha, na kwa kuwa mwenye kosa hajisemei, msemaji wangu alikuwa mtani wangu.

"Mheshimiwa Shangazi," akaanza Eparama kwa sauti ya mazishini, "mbele yako yupo kijana mmoja mwenye kichwa kikubwa na ndani hamna kitu. Anakiri alikuita Subiri. Anakiri hakusoma. Mimi mwenyewe ni mwenye zile namba tano, na aliyechora kobe, ila leo tunamzungumzia yeye."

Shangazi ni Mhindi, kwao desturi hii haipo, na hakujua mizizi inapokelewaje. Aliishika kama maua ya harusi, akaangalia pa kuiweka, akaiweka juu ya Lovo. "Nimepokea," akasema. Neno lile lile la minara.

Kisha akabandua karatasi ya ukutani, akaandika mpya: SIKU SIFURI. Kobe akakatwa kwa mkasi na kubandikwa tena pembeni.

Ijumaa, 20 Machi

Foleni bado ipo, na bado ni yangu, tafadhali. Ila nimeipa sheria mbili mpya. Orodha nayo ni kitu kinachoweza kubadilishwa, kwa hiyo majaribio yanayoisoma yanaruka mbele ikiguswa. Na kila aliyewahi kuandika jaribio nimemfuata kumuuliza: lilikuuma nini mpaka ukaliandika? Majibu hayo hayamo kwenye kompyuta yoyote. Nimeyaandika humu nyuma ya daftari, kurasa kumi na nne.

Mkia hakuna tena ruhusa ya kuukata bila Shangazi kuambiwa. Na kila Ijumaa mtu mmoja analisoma kwa sauti lililo nyuma kabisa.

Nimerekodi upya maneno ya king'ora. Yanaanza: tulou, tulou, samahani wazee wangu kwa kusema juu ya vichwa vyenu. Yameongezeka sekunde nne. Nimeyaandikia jaribio lao, kuhakikisha hakuna mnara unaofungua mdomo bila tulou. Ni la 1,912.

Alhamisi, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya msimu. Jua. Bubu ana nyumba mpya, ngazi zinakuja na meli ijayo.

Saa sita mchana Eparama kabadilisha rangi ya kitufe kimoja kwenye skrini. Rangi tu. Dakika tisa, sitini kijani.

"Haya, tufunge, bakuli linatungoja," akasema. "Nani anabaki na mkia?"

Nikaangalia mkia. Nyuma kabisa, la mwisho kati ya yote, Foleni yangu mwenyewe ilikuwa imelisimamisha la 1,912. Halijawahi kufeli. Halihusiani na kitufe. Ni refu.

"Mimi," nikasema.

"Mtani, ni rangi!"

"Ndiyo, najua ni rangi. Nenda, na usimalize muhogo."

Nikavuta kiti. Shangazi Urmila alikuwa ameshashika mwavuli, akauweka chini, akafungua gazeti. Saa kumi kasoro dakika nane kisanduku kikaanza kulia, mnara mmoja baada ya mwingine, na kila ukimaliza kulia sauti yangu inatoka, pole, imeinama: tulou, tulou. Shangazi hakuinua macho kwenye fumbo lake. Ila kila iliposema, alikisogeza kichwa pembeni kidogo, kama mtu anayepisha kijana apite.

Kijani.

"Sasa twende," akasema.